Majani ya Tangi la Juu

Fundi cherehani tunayemzungumzia hapa si mwongo, na anayebisha aje tubishane. Wiki nzima ile alisema uongo mmoja tu, tena wa maneno mawili: "Wanakula vizuri." Alimwambia mumewe Alhamisi, akamwambia Ijumaa, akamwambia tena Jumamosi asubuhi akiwa mlangoni na ndoo ya mifuko ya samaki mkononi. Uongo mmoja kurudiwa mara tatu haugeuki kuwa tatu, au vipi? Yeye mwenyewe ndivyo alivyojifariji.

Mumewe ni fundi umeme. Wiki tatu zilizopita ngazi ilimtupa chini, na tangu siku hiyo alikuwa amelala kwenye kitanda kilichohamishiwa sebuleni, mguu wa kushoto umefungwa plasta kutoka gotini hadi vidoleni. Chumba cha samaki kiko nyuma ya nyumba, na kukifikia lazima ushuke vidato vitatu. Vidato vitatu tu, lakini kwa mtu wa mguu mmoja vilikuwa kama mlima. Basi kazi ya kulisha samaki ikamwangukia mkewe, aliyekuwa ameishi na matangi yale miaka kumi na tisa bila kuuliza swali hata moja. Aliwaita samaki wale wake wenzake wasio na miguu.

Matangi yalikuwa tisa. Tangi la juu kabisa, dogo kuliko yote, lilikuwa la samaki wawili ambao mumewe aliwaita shaba. Dume alikuwa ameng'aa mwili mzima, mkia umechanua kama pindo la gauni la harusi. Jike, masikini, alikuwa na rangi ya chai iliyopoa. Ukimwona ungedhani ni samaki aliyesahauliwa kupakwa rangi.

Jumatano jioni, fundi cherehani alipokuwa akiwalisha wale wawili, mteja aligonga mlango, anataka suruali yake. Akaenda. Kifuniko cha tangi akakiacha nusu wazi. Sasa, shaba ni samaki warukaji. Hilo mumewe alilijua, na yeye hakulijua. Alhamisi asubuhi alimkuta jike chini ya meza, amekauka kama ganda la kitunguu. Alilia kidogo, akajicheka kwa kumlilia samaki, kisha akalia tena. Akamfunga kwenye kipande cha kitambaa cha satini na kumzika kwenye chungu cha maua.

"Wale wa juu vipi?" mumewe akaita kutoka sebuleni.

"Wanakula vizuri."

Na kweli mmoja alikuwa akila vizuri.

Mpango wake ulikuwa huu. Jumamosi ilikuwa siku ya mnada wa chama cha wafuga samaki. Mumewe alikuwa amemwagiza apeleke mifuko minne ya vifaranga vya samaki vilivyozidi. "Na majani," alisema, "punguza majani kwenye matangi, yamejaa mno. Majani yanauzika." Yeye akachukua mkasi, akapunguza matangi yote tisa, akajaza mfuko wa tano. Akishauza hayo, angenunua jike mwingine wa shaba, amtie tangini kimyakimya, na mambo yakaishia hapo. Samaki ni samaki. Nani angejua?

Mnada ulikuwa kwenye ukumbi wa shule. Alipoingia alisimama mlangoni, macho yamemtoka pima. Meza kumi zilikuwa zimeunganishwa kuwa mbili ndefu, na juu yake mifuko ya plastiki iliyojaa maji, mamia, kila mmoja umefungwa na kuvimba, kila mmoja na kitu kinachocheza ndani. Ukumbi ulinukia chaki na bwawa. Watu wazima, wenye ndevu zao na miwani yao, walikuwa wamepiga magoti kwenye sakafu, wakimulika mifuko kwa tochi na kunong'ona. Mmoja alikuwa anamchungulia konokono mweupe kama daktari anayetafuta homa. Hivi huku ndiko mume wangu anakokuja kila mwezi, akawaza, na mimi nikadhani ana mwanamke!

Katibu wa chama alipokea mifuko yake na kubandika kila mmoja karatasi yenye nambari ya muuzaji. Nambari ya mumewe ilikuwa kumi na saba. "Nyumba moja, nambari moja," katibu alisema, akampa na kibao cha kunyoosha mtu anapotaka kununua, nacho kimeandikwa kumi na saba. Ukutani palikuwa na karatasi ya manila yenye sheria tatu kwa kalamu nene: Kilichofika mezani hakirudi. Muuzaji hanunui chake. Usifungue mfuko usio wako.

"Ya kwanza hiyo ni kama ndoa," fundi cherehani alisema.

Katibu hakucheka. Watu wa sheria ndivyo walivyo.

Akazunguka meza mfuko kwa mfuko, na kadiri alivyozunguka ndivyo alivyosahau haya. Aliona samaki mwenye mistari kama kitambaa cha godoro, na uduvi wekundu wadogo kuliko punje ya mchele. Aliona samaki aliyelala ubavu kwa mapenzi yake, wala si mgonjwa. Mwishowe naye akapiga magoti kama wenzake, gauni likaloa, hakujali. Alitaka kujua kila kitu. Huyu anakula nini? Yule anaishi miaka mingapi? Kwa nini huyu kafungwa peke yake, kamkosea nani? Aliyekuwa akimjibu ni nesi mmoja mstaafu, mama mnene mwenye kicheko cha karibu, aliyekuja kuuza uduvi.

"Na shaba?" fundi cherehani akauliza, akijitia kutojali. "Jike wa shaba wako meza ipi?"

Nesi akamtazama. "Shaba? Wewe si umetoka kwa kumi na saba? Shaba wako nyumba moja tu, mwenzangu. Kwenu."

"Wako nyumba moja vipi? Dukani hakuna?"

"Dukani! Mumeo alianza na samaki watatu wa mtu aliyehama, miaka saba iliyopita. Akawachagua, akawazalisha, hadi wakatoka na rangi ile. Kila mtu humu amemwomba. Hakumpa mtu. Usikasirike nikikwambia, mumeo ni mkono wa birika." Nesi akapunguza sauti na kuonyesha kwa kidevu mzee mmoja mwembamba, kashika kopo la bati kwapani. "Unamwona yule? Mkata vioo. Ndiye aliyetengeneza matangi yenu yote. Walikuwa chanda na pete. Miaka minne iliyopita aliomba shaba wawili tu, mumeo akamwambia mbele ya watu wote, 'Nikupe ukawatie chumvi?' Kwa sababu yule bwana kila kinachoingia kwake, jani au jiwe, lazima kwanza akichovye kwenye maji ya chumvi kali kuua konokono. Tangu siku hiyo tunamwita Chumvi, na hajasalimiana na mumeo tena."

Fundi cherehani akapiga hesabu. Nyumba moja tu. Jike mmoja tu, naye yuko kwenye chungu cha maua ndani ya satini. Kazi ya miaka saba ya mumewe ilikuwa imekufa Jumatano jioni kwa ajili ya suruali ya mteja, na mwenyewe alikuwa amelala kule sebuleni akihesabu siku za kukata plasta ili akawaone.

Lakini mdadisi hata akiumia hudadisi. "Hivi huzaaje?" akauliza.

"Shaba? Hawazai, hutaga. Yai moja leo, mawili kesho, wanayachomeka kwenye majani yale membamba, yale tunayoyaita nywele. Yai ni kama ushanga wa kioo, gumu, hata ukilibinya halipasuki. Linakaa majanini kama wiki mbili ndipo litotoe. Ndiyo maana mwenye shaba hagusi majani ya tangi lao hata kwa..."

Nesi hakumaliza. Mwenzake alikuwa ameshaondoka.

Shanga! Kumbe! Ijumaa, alipokuwa akikata majani ya tangi la juu, vidole vyake vilikuwa vimekutana na vipunje vigumu. Akadhani ni mchanga. Mtu anayeshona shanga kwenye magauni ya maharusi, miaka ishirini, akadhani ni mchanga! Lakini na mumewe naye, mbona hakumwambia aliache lile la juu? Ni kwa sababu mwenye kujua hasahau kutenda, husahau kusema.

Aliupata mfuko wake katikati ya meza ya pili. Hakuugusa. Alichutama, akafumba jicho moja kama anayetunga uzi. Pale, katika yale manywele ya kijani, akaliona moja. Halafu la pili. Halafu macho yakazoea na akayaona kila mahali, madogo, maangavu, na moja lililogusana na plastiki lilikuwa na vidoa viwili vyeusi ndani. Yalikuwa macho. Kitu kile kidogo kilikuwa kinamtazama.

"Naomba mfuko wangu," akamwambia katibu, pumzi juu.

Katibu akanyoosha kidole kwenye manila. Sheria ya kwanza.

"Basi nitaununua."

Kidole kikashuka mstari mmoja.

Akarudi kwa nesi, akamwambia yote palepale, kifuniko, satini, na uongo wa maneno mawili. Ulikuwa umemkaa kooni tangu Alhamisi na ulitoka kwa kasi. Nesi akashika kiuno. "Usilie. Nitaupigia mimi. Nikishanunua ni mali yangu, nikikupa bure ni hiari yangu. Wewe kaa kimya tu. Umenisikia? Kimya."

Dalali wa mnada alikuwa kinyozi, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake. Mifuko ikauzwa mmoja mmoja, watu wakinyoosha vibao na kucheka. Fundi cherehani hakusikia kitu. Hatimaye dalali akainua mfuko wa majani juu.

"Fungu la nywele, kutoka nambari kumi na saba! Wenye upara, nafasi yenu ndiyo hii! Naanza na ishirini!"

Mkono wa fundi cherehani ukanyooka. Mwenyewe hakuutuma. Ukanyooka tu, na kibao chake juu, kumi na saba kubwa kama sahani.

Dalali akatazama kibao, akatazama karatasi ya mfuko. "Ala! Mama, hili ni lako! Unajiuzia mwenyewe? Au umeingia uchumi mpya ambao sisi hatujaufikia?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye akashusha mkono, uso unawaka, akatamani sakafu impokee. Kicheko kikaisha, na mtu mmoja hakuwa amecheka. Chumvi alikuwa amegeuka kwenye kiti chake, anamwangalia yeye, kisha mfuko, kisha yeye tena. Nyumba ya kumi na saba inahangaikia nini majani ambayo kila mtu hutupa kwa ndoo? Ungemwona, ungejua swali limeshamwingia mtu yule, na lisingemtoka.

"Ishirini," nesi akasema.

"Thelathini," akasema Chumvi.

"Arobaini."

"Hamsini."

Watu wakaanza kutazamana. Majani hayo hayajawahi kupita thelathini. Nesi akafika mia, mia na kumi, akafungua mkoba, akachungulia ndani, akafika mia na thelathini. Chumvi akasema mia mbili bila hata kupepesa macho. Nesi akamgeukia mwenzake, akatikisa kichwa polepole.

"Mia mbili, mara ya kwanza, ya pili... yamekwenda kwa bwana Chumvi! Na Mungu akujalie nywele zenyewe ziote!"

Chumvi alilipa, akachukua mfuko wake, akaenda moja kwa moja kwenye sinki la pembeni. Huko alikuwa na ndoo yake, na maji tayari. Akafungua kopo la bati. Akachota chumvi kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, akakoroga. Huo ndio utaratibu wake, hasubiri hata kufika nyumbani. Akafungua mfuko, akayakamata majani.

"Usichovye!"

Ukumbi mzima uligeuka. Fundi cherehani alikuwa ameshafika, ameushika mkono wa mzee wa watu kwa mikono yake yote miwili.

"Nilijua tu," Chumvi akasema kwa upole. "Nilijua kuna kitu. Kuna nini humu, shemeji?"

Lile neno shemeji ndilo lililommaliza. Miaka minne mtu hasalimiani na mumewe, na bado yeye ni shemeji. Angeweza kutunga uongo wa pili, ulikuwa karibu na ulimi. Lakini nesi alikuwa amesimama nyuma yake, akamnong'oneza, "Sema. Mficha uchi hazai." Akasema. Jike amekufa. Niliacha kifuniko wazi. Mume wangu hajui. Humo mna mayai, ndiyo yaliyobaki, hakuna mengine duniani.

Chumvi akayarudisha majani mfukoni taratibu, kama anayemlaza mtoto. Akatoa lenzi kwenye mfuko wa shati, akainama. Alikaa vile kwa muda mrefu hadi watu wakaanza kusogea.

"Mengi," akasema mwishowe. "Yapo yenye macho." Akainuka. "Mayai ni yangu, shemeji. Nimeyanunua kwa haki, mbele ya watu."

"Najua."

"Miaka minne iliyopita nilimwambia mumeo: samaki anayeishi nyumba moja ana roho moja. Umeme unakatika, kioo kinapasuka, mtu anasahau kifuniko. Weka wengine kwangu, nikasema, nikiwaua mimi, wako wapo. Ukiwaua wewe, wangu wapo. Akadhani nataka sifa zake." Akapangusa lenzi. "Tugawane. Nusu kwa nusu. Lakini ujue, nusu yangu itabaki kuwa yangu."

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Akikubali, kile mumewe alichokinyima watu kwa miaka saba kingeondoka ukumbini kwapani mwa mtu ambaye mumewe hataki hata kulisikia jina lake. Akikataa, nusu zote mbili zingebaki mkononi mwa mwenye ndoo ya chumvi. Alimfikiria mumewe na mguu wake. Kisha akafungua mkoba, akatoa mkasi wake wa kazi.

"Mimi nitakata," akasema, "wewe utachagua."

Akakata kama anavyokata hariri ya mteja mkorofi, bila haraka, akipitisha ncha kati ya shanga na shanga. Hakuna hata moja lililoguswa. Chumvi akachagua fungu la kushoto, akaimwaga ndoo yake ya chumvi kwenye sinki. Wanachama wanasema hawajawahi kuliona jambo hilo, na sina sababu ya kutowaamini.

Nyumbani alisema yote kabla hajavua viatu. Mumewe alisikiliza akiangalia dari. Kifo cha jike kilimuuma, alifumba macho, lakini hakufoka. Kilichomfanya akae kitako kitandani ni kingine.

"Umempa Chumvi?"

"Nimegawana naye."

"Chumvi!"

"Ndiyo, Chumvi. Na alikuwa na haki ya kuchukua yote."

Siku mbili mwanamume yule hakumsemesha mkewe zaidi ya "maji" na "asante". Majani yakawekwa kwenye bakuli la kioo, bakuli kwenye stuli kando ya kitanda, na yeye akayakodolea macho kutwa nzima. Siku ya tatu akasema, "Njoo uone." Moja lilikuwa limegeuka jeupe. Jeupe maana yake limekufa, limeingia kuvu. Kesho yake yalikuwa manne. Mkewe aliyatoa kwa ncha ya sindano moja moja ili yasiambukize mengine, wakabadilisha maji, wakapunguza mwanga, wakaongeza mwanga. Mumewe alimfundisha kila alichokijua na yeye akauliza kila asichokijua. Mazungumzo mengi namna ile hayakuwahi kuwa katika nyumba ile tangu watoto waondoke. Lakini mayai hayakujali. Siku ya tisa yalibaki mawili. Siku ya kumi bakuli lilikuwa na majani tu, na fundi umeme akageukia ukuta.

Siku ya kumi na moja simu ya mkewe ililia. Sauti ya Chumvi ilikuwa kubwa, ya mtu aliyezoea kuzungumza karibu na mashine ya kukatia vioo, na sebule nzima ikasikia.

"Shemeji, saba! Wametotoka saba tangu alfajiri! Wanaogelea! Na mengine bado yana macho! Mmoja... sikiliza, sijui kama naona vizuri, lakini mmoja mkia wake..." Akakwama. "Mimi sijawahi kuwalea hawa. Sijui niwape nini cha kwanza."

Fundi cherehani alikuwa anaangalia mgongo wa mumewe. Mgongo ule ukashusha pumzi, halafu ukageuka.

"Asiwape kitu leo," mumewe akasema. "Mwambie asiwape kitu hadi nifike."

"Ufike? Vidato vitatu tu vimekushinda! Na mguu?"

Alikuwa ameshaanza kujivuta hadi ukingoni mwa kitanda, plasta ikigonga sakafu, mkono ukipapasa chini ya kitanda.

"Nipe kiatu," akasema. "Kimoja kinatosha."